Maji Yaliyopita Kwenye Karatasi

Karatasi yoyote iliyoingia mkononi mwa Evelina Mbilu ilikunjwa mara mbili. Iwe ratiba ya ibada, iwe karatasi ya kufungia sukari, iwe barua ya kuitwa kwenye kikao, aliikunja nusu, akaikunja nusu tena, akapitisha ukucha juu ya mkunjo, kisha akaifungua upande mmoja kwa kidole gumba ikawa pembe ndogo yenye ncha. Akaitazama kidogo, akainyoosha, akaitia mfukoni. Hakuwa na habari kwamba anafanya hivyo. Niliwahi kumwona akikunja cheti cha zahanati chenye jina lake mwenyewe na ugonjwa wake, huku mganga akiendelea kumweleza namna ya kumeza vidonge.

"Nchani usiisugue, Mwalimu," aliniambia wiki ya kwanza nilipofika shuleni. "Ukiisugua inachanika. Karatasi iliyochanika nchani haichuji, inamwaga tu."

Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ya ualimu wa kemia, na hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia hilo.

Evelina alifariki Juni mwaka jana, akazikwa Bungu. Alikuwa mhudumu wa maabara ya shule yetu kwa miaka ishirini na mitatu, na wasichana walimwita Mama Maabara ingawa hakuzaa. Alizaliwa kwenye mteremko huohuo ulio juu ya shule, mwendo wa robo saa kutoka barabara ya Soni, katika boma la baba yake aliyekuwa mkulima wa kahawa. Alimaliza darasa la saba, akapata kazi ya kufagia katika maabara moja ya udongo bondeni. Fundi wa pale alikuwa anaumwa mgongo. Alimfundisha kukunja karatasi na kumimina ili yeye asiiname, basi Evelina akachuja udongo wa watu kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa akisema kwamba udongo wa Vuga huchelewa, unaziba karatasi, na ule mweusi wa bondeni hupita upesi lakini huacha harufu kwenye vidole.

Baadaye aliolewa Korogwe. Alikaa huko miaka minane bila mtoto, akarudi na sanduku moja la bati. Kaka yake mkubwa, Kristian, ndiye aliyerithi boma. Alimkatia kipande cha ardhi karibu na kaburi la baba yao na kumjengea vyumba viwili. Huku milimani mwanamke aliyerudi nyumbani hapewi hati ya nyumba. Anapewa neno. Nyumba ya Evelina ilisimama juu ya neno la Kristian, na kila mtu alijua, yeye zaidi ya wote. Asubuhi kabla ya kushuka kazini alipita mlangoni kwa kaka yake kumwamkia, hata mvua inyeshe namna gani.

Ninayotaka kuyaeleza yalitokea siku moja ya Jumamosi, mwaka ule mvua za vuli zilipozidi.

Jumanne ya wiki hiyo udongo uliporomoka na kufukia chanzo cha maji ya shule. Kwa siku nne wasichana mia mbili na arobaini wa bweni waliishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa chini ya mabati. Mkuu wa shule, Mwalimu Amiri, akaita msaragambo. Hiyo ni kazi ya pamoja ambayo huku haina malipo wala udhuru. Kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Walikuja watu kama tisini, wengi wao wazazi, na kufika saa mbili asubuhi walikuwa wameshaona kwamba chanzo hakichimbuliki kwa siku moja wala kwa wiki moja.

Hapo ndipo Kristian alipotoa tangi lake.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mrefu, mcheshi, anayependwa. Tangi hilo la saruji lilijengwa na baba yao zamani za kahawa, nalo liko juu kidogo ya shule, linaingiwa na kijito ambacho maporomoko hayakukifunga. Kutoka pale hadi bomba letu palihitajika mipira miwili tu. Watu wote walijua kwamba Kristian hulitumia tangi hilo kuchanganyia dawa ya nyanya. Lakini msimu wa nyanya ulikuwa umekwisha, alikuwa amelisugua kwa mchanga na ufagio mara tatu, na mvua ya miezi miwili ilikuwa imelisuuza. Udongo ulioporomoka ulikuwa umemwagikia ndani hadi kimo cha goti. Walisema tope litatulia lenyewe. Watu walishangilia. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele.

Saa tatu maji yakafika, mekundu kama uji wa ulezi.

Huku kwetu hakuna anayeshtushwa na maji ya namna hiyo. Kila mvua kubwa huleta maji mekundu, na kila mama anajua la kufanya. Zuhura, mpishi wa shule, alikunja khanga mara nne, akachuja, akasuuza khanga, akachuja tena, akainjika masufuria mawili makubwa ya chai. Mkuu naye akamwomba Evelina aweke vyombo vya kuchujia barazani pa maabara.

"Wazazi waone," alisema. "Waone kwamba sayansi ipo na inafanya kazi."

Evelina aliweka stendi tatu, faneli tatu, na karatasi tatu za duara alizozikunja mwenyewe. Akamimina. Tope lilikaa kwenye karatasi kama ugali mwekundu, na chini yake, baada ya muda mrefu, likaanguka tone moja. Halafu jingine. Yalikuwa matone meupe kabisa. Niliketi upande wa pili wa meza nikisahihisha daftari.

Kristian alikuja akiwa na tope hadi mapajani, akaketi kwenye ngazi.

"Mama Maabara, hayo maji unayachuja au unayaombea?"

"Karatasi haiharakishwi, kaka."

"Sisi tumechimba tangu alfajiri, wewe unatazama matone. Ningejua ningesoma sana."

"Ulikataa shule mwenyewe. Ulijificha kwenye migomba."

Kristian akacheka. Alikuwa na cheko linalomfanya mtu acheke naye hata kama hajui sababu. Akaanza kuhesabu hasara zake. Kibanda chake cha pembeni mwa tangi kimechukuliwa, limebaki bati moja. Pampu ya kupulizia dawa ameikuta migombani, imepinda shingo. "Mfuko wa mrututu ndio sijauona kabisa."

"Mfuko gani?"

"Si ule wa nyanya. Ulikuwa umebaki zaidi ya nusu. Niliuweka juu ya ukuta wa tangi, chini ya bati, usilowe. Sasa hivi umeshafika Mombo huo. Samaki wa mto watapona ukungu wote."

Akacheka tena na kwenda kuosha miguu.

Mrututu ni yale mawe ya buluu ambayo wakulima wa hapa huyayeyusha kwenye maji ili kupulizia nyanya na kahawa. Tunayo hata maabara, kwenye chupa, kwa jina la Kiingereza. Mtu akiyanywa yanamchoma tumbo na kumtapisha, na yakizidi yanaua. Yakiyeyuka kwenye maji meupe unaona buluu. Yakiwa kidogo huoni kitu. Yakiwa ndani ya tope jekundu huoni kitu hata yakiwa mengi.

Nilimsikia Kristian vizuri. Nilikuwa hatua nne kutoka pale alipoketi. Nilikuwa nimefundisha chumvi za shaba kwa miaka kumi na zaidi, na niliendelea kusahihisha daftari.

Nilipoinua macho, Evelina alikuwa ameacha kumimina. Alikuwa anatazama matone.

Ilipopata saa tano, chupa ya kwanza iliyokingwa chini ya faneli ikajaa. Wazazi walikuwa wamekusanyika barazani, majembe mabegani. Mkuu aliniita. Niliishika chupa kuelekea mwanga. Maji yalikuwa meupe, hayana hata chembe. Nilichovya karatasi ya litmasi ili watu waone nafanya kitu, haikubadilika kwa namna ya kutisha, nikasema kwa sauti ya darasani: "Safi."

Wakapiga makofi. Mkuu akamimina maji kwenye glasi, akampa Kristian.

"Mwenye tangi ndiye anayeonja kwanza. Leo ndiye bwana harusi."

"Na bibi harusi yuko wapi?" mtu akapaza sauti nyuma.

"Si ndilo tangi!" Kristian akajibu. "Nene, limekaa kimya, halidai vitenge." Baraza zima likacheka. Akainua glasi.

Evelina alizunguka meza, akaishika ile glasi kwa mikono miwili na kuitoa mkononi mwa kaka yake.

Sijui niseme vipi ili asiyekaa huku aelewe. Mdogo hamnyang'anyi mkubwa kitu mdomoni mbele za watu, na zaidi mdogo wa kike anayelala kwenye ardhi yake. Cheko lilikatika palepale.

"Evelina," Kristian alisema taratibu.

"Usinywe, kaka."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nipe dakika tano."

"Si umeyachuja mwenyewe? Mwalimu si amesema safi?"

"Karatasi imezuia tope. Kilichoyeyuka kimepita." Aliwageukia wazazi, nadhani kwa sababu hakuweza kuendelea kumtazama. "Ukikoroga chumvi kwenye maji ukayachuja, chumvi utaikuta kwenye karatasi?"

Mama mmoja akasema, "Utaikuta ulimini," na wawili watatu wakacheka kwa woga.

"Kwa hiyo tangi langu lina chumvi," Kristian alisema.

Evelina bado alikuwa na nafasi. Angeweza kumvuta pembeni. Angeweza kumwomba Mkuu faragha, au kunong'ona kwangu. Nilimwona akifumba macho mara moja, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

"Mfuko wako wa mrututu haujaenda Mombo, kaka. Nadhani umo ndani ya tangi. Chini ya tope."

Sasa tu ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekisikia.

"Hilo ni tangi la baba," Kristian alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Maji yale baba aliyanywa."

"Baba hakuyanywa hata siku moja. Alituchapa tukilikaribia. Umesahau?"

"Nimekupa mahali pa kulala, Evelina. Miaka ishirini na mingapi? Leo unanivua nguo mbele za watu."

Evelina alinigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniamrisha. "Mwalimu, jikoni kwanza. Kisha amonia."

Nilikimbia. Wasichana walikuwa wamepanga mstari na vikombe vyao, na Zuhura alikuwa ameshachota.

"Simamisha, Zuhura! Usigawe!"

"Nisigawe nini? Watoto hawa wana siku nne wanakunywa maji yenye ladha ya bati. Wazazi wao wamelima na njaa. Nitawaambia nini?"

"Waambie Mwalimu amekosea."

Alinitazama, akatazama chai. "Na mimi nilikuwa najiuliza," alisema polepole, "kwa nini leo imekuwa nyeusi hivi." Akafunika masufuria yote mawili, akavuta kigoda, akaketi mbele yake na upawa magotini. "Haya. Anayetaka chai ataanza na mimi."

Vikombe sita vilikuwa vimeshatolewa. Nilipita nikivinyang'anya na kumwaga. Wasichana wawili walikuwa wamekwisha kunywa mafunda kadhaa. Niliwaketisha kivulini, nikamwacha kiranja nao, nikarudi maabara mbio, nikafungua stoo.

Amonia ndiyo huifichua shaba iliyomo kwenye mrututu, lakini chupa yetu ilikuwa ya zamani. Kizibo chake kilikuwa kimeng'ang'ania, na nilipokifungua harufu haikunipiga puani kama inavyotakiwa. Nilijua maana yake. Dawa ilikuwa imepungua nguvu, na inaweza ikakosa kuonyesha kitu hata kama kitu kipo. Nilimnong'oneza Evelina.

"Iko hai?" aliuliza.

"Sijui."

"Basi tutajua wote pamoja."

Watu walitaka aiweke palepale kwenye maji ya tangi. Yeye akataka kwanza maji ya mvua. Akakunja karatasi mpya, akachuja maji ya mvua kutoka kwenye pipa mbele yao.

"Hayo ya nini sasa?" mzee mmoja alilalamika. "Mvua si tunaijua?"

"Yapite na yenyewe kwenye karatasi. Kesho mtu asiseme ni karatasi, wala asiseme ni dawa ya Mwalimu."

Aliweka matone matano ya amonia kwenye maji ya mvua. Akatikisa. Maji yakabaki maji. Akaiweka chupa hiyo mwisho wa meza ambako kila mtu aliiona. Kristian alikuwa amesimama mikono kifuani. Glasi yake ilikuwa bado pale mezani, imejaa, na aliitazama kama vile bado anafikiria kuinywa ili kumaliza ubishi.

Evelina akachukua maji ya tangi. Tone la kwanza likaingia. Kukatokea wingu jepesi, karibu jeupe, likatanda katikati na kubaki hapo.

"Maziwa," mtu akasema.

"Sabuni hiyo."

Tone la pili. La tatu. Wingu lilelile, halizidi wala halipungui. Kristian akacheka, si lile cheko lake. "Ndiyo hiyo sumu? Tumeacha kazi kwa ajili ya hiyo?" Akanyoosha mkono kwenye glasi.

"Kaka, dakika mbili tu. Nipe mbili tu."

Aliinamisha chupa ya amonia bila kuhesabu tena matone. Akamimina.

Wingu likapasuka. Buluu ilianzia juu, ikateremka kwa nyuzi kama wino unaotoka kwenye nibu, halafu chupa yote ikawa buluu moja, nzito, ya kung'aa, ambayo huwezi kuona upande wa pili. Wazee waliolima kahawa walikuwa mbele, na mmoja wao, aliyekuwa amelalamikia maji ya mvua, akavua kofia.

"Mrututu," alisema. "Jamani, huo ni mrututu."

Kristian alimimina glasi yake chini. Aliimimina taratibu hadi tone la mwisho, akairudisha mezani, akachukua jembe na kuanza kupanda mlima. Vijana wawili walitaka kumfuata, akawaonyesha kwa mkono wabaki. Kutoka barazani tangi linaonekana. Tulimwona akifungua mpira, akiingia ndani, akiinama hadi mabega yakapotea. Alikaa humo muda mrefu. Alipotokea alikuwa amebeba mfuko mwekundu wa tope ukichuruzika kimiminika ambacho hata kutoka kule chini kilikuwa na rangi. Alisimama juu ya ukuta wa baba yake, akauinua mfuko kwa mikono miwili ili wote tuuone, akaushusha. Hakutazama chini.

Wasichana wale wawili walitapika kabla ya saa saba. Tuliwapeleka zahanati kwa gari la mboga lililokuwa linashuka Soni, na jioni walirudi wakiwa wachovu, wanaona aibu. Walipona. Zuhura alimwaga chai yote kwenye shimo la taka akiwa analia na kututukana sote kwa zamu. Mkuu alifunga bomba kwa mkono wake. Mimi niliketi maabara nikiwa na daftari zangu, na nikaandika tena neno "safi" kwenye karatasi tupu, nikalitazama.

Hakuna aliyemlaumu Kristian. Jumatatu Mkuu alimwendea nyumbani kumshukuru kwa kuutafuta mfuko, na kwenye kikao cha wazazi alisema wazi kwamba ilikuwa bahati mbaya. Kristian alijiuzulu kamati. Hakumfukuza dada yake. Watu walingoja amfukuze, na wengine nadhani walitaka iwe hivyo ili wapate la kusema, lakini hakumwambia aondoke. Aliacha tu kumwitikia.

Evelina alipita mlangoni kwake kila asubuhi kama zamani. "Shikamoo, kaka." Kristian alikuwa akinoa jembe, au anakunywa uji, au anatazama migomba. Hakusema marahaba. Mchana wakikutana njiani Evelina alimwamkia kwa Kishambaa, "Onga mshi," naye Kristian akapita kana kwamba ni upepo umesema. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Shikamoo isiyoitikiwa hubaki nawe siku nzima, hujui uiweke wapi. Aliendelea hivyo miezi kumi na mmoja. Nilimwambia aache.

"Nikiacha mimi," alisema, "tutakuwa wawili tulionyamaza."

Mara moja tu nilithubutu kumuuliza. Tulikuwa tunaosha vyombo baada ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, karatasi zilizotumika zimejaa ndoo.

"Bi Evelina, kwa nini hukumvuta pembeni?"

Alisuuza bika mbili, akaziinamisha.

"Nilitaka. Niliposikia habari ya ule mfuko, alikuwa ameketi hapo ngazini, peke yake, anacheka. Ningemwambia hapohapo." Akajifuta mikono. "Lakini namjua kaka yangu. Angeniambia, Evelina, ngoja kwanza, tuone, watu wasisikie, nitakwenda kuangalia mwenyewe jioni. Na mimi ningekubali, Mwalimu. Nisingeweza kumkatalia tukiwa wawili. Nilikuwa naangalia yale matone na ninaomba Mungu chupa isijae. Nilinyamaza zaidi ya saa moja. Wale watoto wawili wamekunywa ndani ya saa ile."

Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema safi. Alinigusa bega kwa mkono wenye maji, akaniambia nimwage ile ndoo.

Alistaafu mwaka uliofuata. Shule ilimpa kitenge, blanketi na maneno mazuri. Nilidhani atabaki nyumbani kwake, apumzike, lakini siku ya tatu nilimkuta ameketi juu ya sanduku la bati kando ya barabara, pale Soni, karibu na wauza karoti, akingoja gari la kuteremka. Happiness, binti wa marehemu dada yake, alikuwa amemkaribisha Bungu. Niliuliza kama Kristian anajua. Alisema amemuaga asubuhi, mlangoni, kama kawaida. Ufunguo wa nyumba ameuacha kwenye dirisha la kaka yake.

"Alisema nini?"

"Alikuwa anavaa viatu," alisema. "Alivaa kiatu kimoja muda mrefu sana."

Bungu nilimtembelea mara mbili. Alikuwa amekonda. Alifuga kuku, alisali, alimfundisha mtoto wa Happiness kusoma saa. Hakumsema kaka yake vibaya, ila kila nilipofika aliuliza kama nyumba ile ya vyumba viwili ina mtu anayeishi ndani. Nilimjibu ukweli, kwamba haina mtu, na kwamba nikipita naona baraza limefagiwa, ingawa sijui nani anafagia. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwapa kuku maji.

Kristian sasa ni mzee. Nikikutana naye namwamkia, ananiitikia vizuri, tunazungumza juu ya mvua na bei ya kabichi. Miaka miwili nilisimama naye njiani hivyohivyo na hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja jina la Evelina. Mwezi Mei mwaka jana, tukiwa tumemaliza habari za mvua, aliniomba namba ya simu ya Bungu. Hakusema ya nani. Nilimwandikia, akaishika mkononi bila kuiangalia.

Siku nne baadaye, Jumapili mchana, nilimpigia Evelina kumjulia hali. Mtandao wa kule ni mbaya, sauti yake ilikuja na kukatika, alikuwa anakohoa. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamuuliza kifua kinaendeleaje. Hakunijibu habari za kifua.

"Mwalimu, Kristian amepiga. Sasa hivi, kabla yako. Hakusema kitu, lakini nimemsikia anapumua, namjua anavyopumua. Nikamwambia shikamoo, simu ikakatika. Sijui ni yeye amekata au ni mtandao. Haya, ngoja nikate, asije akapiga akakuta naongea na mtu."